Mipangilio ya mfumo wenu ikae wapi: settings.py, .env, YAML au Vault?

Swali: Tuko watatu tunaotunza mfumo wa duka la mtandaoni hapa Nakuru. Umeandikwa kwa Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti), unatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na wateja wanalipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, kiunganishi (API) cha Safaricom. Mipangilio yote iko kwenye settings.py moja ndani ya repo (hazina yetu ya msimbo ya Git), pamoja na nywila ya hifadhidata na funguo za Daraja. Kwenye seva huwa tunaihariri kwa mkono. Majuzi baada ya git pull, duka lilirudi kwenye DEBUG = True (hali ya msanidi, inayoonyesha undani wa makosa) na maombi ya malipo yakawa yanaenda Daraja ya majaribio kwa saa kadhaa. Mmoja wetu anataka tuhamishie kila kitu kwenye .env (faili la vigeu vya mazingira, yaani majina na thamani ambazo programu hupewa inapowashwa), mwingine anataka YAML (muundo wa faili za mipangilio), na mimi nimesoma habari za Vault (programu ya kutunza siri). Tufuate lipi?

Jibu: Hakuna hata moja kati ya hayo litakalowaponya peke yake, kwa sababu aina ya faili siyo iliyowaumiza. Tatizo ni kwamba programu yenu inakubali kuwaka na mipangilio yoyote itakayoikuta. Ilikuta mipangilio ya kompyuta ya msanidi, ikawaka, ikahudumia wateja, wala haikulalamika. Mkihamia .env leo bila kulirekebisha hilo, siku moja mtakosea herufi moja kwenye jina la kigeu na duka litawaka vilevile.

Kilichotokea siku ile ya git pull ni rahisi kukieleza. Seva ikiwa na mabadiliko ya mkono kwenye faili inayofuatiliwa na Git, na mabadiliko mapya yakagusa faili hiyohiyo, pull hugoma na kuonya kwamba ulichohariri kitafutwa. Mtu mwenye haraka huandika `git stash` au `git checkout settings.py`, pull inapita, na kila kilichowekwa kwa mkono kinaondoka. Git ilifanya kazi yake. Faili inayohaririwa kwenye seva haipaswi kuwa ndani ya repo, basi.

La leo: siri zilizo kwenye repo

Kabla ya kupanga chochote, zihesabuni nywila na funguo zote zilizowahi kuandikwa kwenye settings.py kuwa zimevuja, hata kama repo ni ya faragha. Ziko kwenye kila kompyuta iliyowahi kuinakili repo, na kufuta mstari leo hakuziondoi kwenye historia.

Mpangilio wa kazi una maana hapa: badilisheni funguo kwanza, safisheni historia baadaye. Wengi huanza na kusafisha, kazi ya nusu siku, huku funguo za zamani zikiendelea kufanya kazi. Kwenye tovuti ya Daraja pateni consumer key na consumer secret mpya. Kwa PostgreSQL, ingieni psql (programu yake ya kuandikia amri) na mtumie `\password duka` badala ya kuandika ALTER ROLE yenye nywila wazi, maana amri hiyo hubaki kwenye historia ya psql na huweza kuingia kwenye logi za seva.

SECRET_KEY ya Django, ufunguo wake wa kutia sahihi vitu kama vikao vya wateja, ina mtego wake. Tangu toleo la 4.1 kuna SECRET_KEY_FALLBACKS, orodha ya funguo za zamani zinazoendelea kukubaliwa ili wateja wasitolewe kwenye akaunti zao. Inafaa mnapobadilisha ufunguo kwa utaratibu wa kawaida. Ufunguo uliovuja usiuweke humo, kwa sababu mtakuwa mnaendelea kukubali sahihi za mtu yeyote aliye nao. Wateja wataingia upya, wavumilie.

Baada ya hapo ndipo `git filter-repo --replace-text` inakuja kuzifuta siri kwenye historia. Kila mmoja wenu lazima anakili repo upya baada ya kazi hiyo. Nakala moja ya zamani ikisukumwa kwa bahati mbaya, historia yote chafu inarudi.

Tenganisheni mistari

Pitieni settings.py mstari kwa mstari, na kwa kila mmoja ulizeni: nani anaubadilisha, na lini?

Mingi haibadiliki kati ya kompyuta yako na seva: INSTALLED_APPS, MIDDLEWARE, TEMPLATES, TIME_ZONE = "Africa/Nairobi". Hiyo ni sehemu ya programu. Ibaki pale ilipo na ikaguliwe na wenzenu kama msimbo mwingine. Kuihamishia .env ni kosa la bidii: faili inafika mistari 80 na hakuna anayejua upi ukikosekana duka linakufa.

Kundi la pili ni la vitu vinavyotofautiana kati ya kompyuta ya msanidi, seva ya majaribio na seva ya laivu: anwani ya hifadhidata, majina ya tovuti, DEBUG, SECRET_KEY, kila kinachohusu Daraja. Kwa mfumo wa ukubwa wenu sitarajii livuke mistari 15. Wahandisi wa Heroku (huduma ya kuendesha programu za wavuti) walipoandika kanuni zao za kujenga programu za wavuti mwaka 2011 waliweka kipimo ambacho bado sijaona cha kukizidi: je, repo hii ingeweza kuwekwa hadharani dakika hii bila siri yoyote kutoka? Jibu likiwa hapana, bado kuna mstari wa kundi hili uliobaki kwenye msimbo.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika: mipangilio ya mwenye duka. Ada ya kupeleka mzigo, kiwango cha chini cha oda, saa ya kufunga, VAT. Hii ikae kwenye hifadhidata, yeye aibadilishe mwenyewe kupitia ukurasa wa usimamizi, na nyinyi msiamshwe usiku kwa ajili ya shilingi 50 za usafiri. Tazameni VAT kwa karibu. Kenya iliishusha kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo wenye `VAT=16` kwenye faili ungebadilishwa kwa sekunde usiku ule, lakini ankara ya Machi ikichapishwa tena mwezi Mei ingetoka na kodi ya asilimia 14, na hesabu za mwaka zisingekaa sawa. Kinachotakiwa ni jedwali lenye kiwango na tarehe ya kuanza kutumika, na hesabu ichukue kiwango cha tarehe ya ankara. Thamani yoyote ambayo jana yake bado inahitajika haifai kuwa kigeu cha mazingira.

Kila kigeu cha mazingira ni maandishi

Kundi la pili sasa. Yule wa .env yuko karibu na ukweli kuliko wengine, ila aelewe kwamba mfumo wa uendeshaji hupitisha maandishi tu. Hakuna namba, hakuna kweli wala si kweli. Mstari huu umo kwenye miradi mingi mno:

```python
DEBUG = os.environ.get("DEBUG", False)
```

Kwenye seva mtu anaandika `DEBUG=False`. Python inapokea herufi tano, na maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo kuandika `DEBUG=False` kumeiwasha DEBUG, na kufuta mstari huo kabisa ndiko kungeizima. Ukurasa wa kosa wa Django huficha mipangilio ambayo majina yake yana maneno kama KEY, SECRET, TOKEN au PASS. Mpangilio unaoitwa DATABASE_URL hauna hata moja ya hayo, hivyo nywila ya hifadhidata itaonekana wazi kwa mgeni yeyote atakayekumbana na kosa.

Tumieni pydantic-settings, ambayo tangu Pydantic 2 ni kifurushi cha peke yake. Inasoma vigeu, inavigeuza kuwa aina sahihi, na isipoweza inasimamisha kila kitu na kutaja makosa ya thamani zote kwa mkupuo mmoja:

```python
# mipangilio.py
from typing import Literal
from pydantic import Field, SecretStr, model_validator
from pydantic_settings import BaseSettings, SettingsConfigDict

class Mipangilio(BaseSettings):
    model_config = SettingsConfigDict(
        env_prefix="DUKA_",
        env_file=".env",
        env_ignore_empty=True,
        hide_input_in_errors=True,
    )

    mazingira: Literal["ndani", "majaribio", "laivu"]
    debug: bool = False
    secret_key: SecretStr = Field(min_length=50)
    database_url: SecretStr
    hosts: str
    daraja_url: str
    daraja_shortcode: str
    daraja_key: SecretStr
    daraja_secret: SecretStr
    daraja_passkey: SecretStr
    daraja_callback: str

    @model_validator(mode="after")
    def kagua(self):
        laivu = self.mazingira == "laivu"
        if laivu and self.debug:
            raise ValueError("DEBUG imewashwa kwenye laivu")
        if laivu == ("sandbox" in self.daraja_url):
            raise ValueError("DARAJA_URL si ya mazingira haya")
        if laivu == (self.daraja_shortcode == "174379"):
            raise ValueError("Shortcode si ya mazingira haya")
        return self
```

Mistari michache hapo inahitaji maelezo. `mazingira` haina thamani ya chaguo-msingi kwa makusudi: seva isiyojua iko wapi isiwake. `debug` inayo, nayo ni ile salama. Hiyo ndiyo kanuni ninayoishikilia kwa chaguo-msingi zote: kinachokosekana kiangukie upande usio na madhara, na kama hakuna upande usio na madhara, kisiwe na chaguo-msingi. Kuweka nywila ya mfano kama chaguo-msingi ndani ya msimbo ni kuandaa siku ambayo seva ya laivu itaitumia.

`env_ignore_empty` ipo kwa sababu `DUKA_DARAJA_KEY=` bila kitu mbele siyo kigeu kilichokosekana, ni kigeu kilichopo chenye maandishi matupu, na bila mstari huo kingepita ukaguzi. `hide_input_in_errors` ni muhimu zaidi ya inavyoonekana. Pydantic kwa kawaida huambatanisha thamani iliyokataliwa kwenye ujumbe wa kosa, na kosa likitoka kwenye ukaguzi wa jumla kama `kagua`, kinachoambatanishwa ni mkusanyo wa thamani zote, ambamo siri zingalipo kama zilivyoandikwa. SecretStr haiwakingi hapo. Logi zenu zingekuwa sehemu mpya ya kuvujia.

`hosts` nimeiacha kuwa maandishi yanayotenganishwa kwa koma. Mkiandika `list[str]`, pydantic-settings itatarajia JSON, yaani `["duka.co.ke"]` pamoja na alama zake za nukuu, na mtu atakayeandika `duka.co.ke,www.duka.co.ke` atapata kosa asilolielewa. Kwenye settings.py mnazichana wenyewe:

```python
import dj_database_url
from mipangilio import Mipangilio

m = Mipangilio()
DEBUG = m.debug
SECRET_KEY = m.secret_key.get_secret_value()
ALLOWED_HOSTS = [h.strip() for h in m.hosts.split(",")]
DATABASES = {"default": dj_database_url.parse(
    m.database_url.get_secret_value())}
```

Hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kuita `os.environ`. Tafuteni kwa grep na mwondoe zote. Kigeu kinachosomwa katikati ya msimbo hugunduliwa kwamba hakipo pale mteja wa kwanza anapofika kwenye mstari ule, labda Jumapili jioni.

Daraja ni mfano mzuri wa mipangilio inayopaswa kuhama kwa pamoja. Anwani ya majaribio ni sandbox.safaricom.co.ke na ya kazi ni api.safaricom.co.ke, 174379 ni shortcode (namba ya biashara) ya majaribio ya STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja), nywila ya ombi hutengenezwa kwa kuunganisha shortcode, passkey na muda, kisha kuigeuza kwa base64. Kimoja kikibaki cha upande wa pili, ombi linakataliwa, na hilo angalau mtaliona. Lisiloonekana ni callback, anwani ambako Daraja hutuma taarifa ya malipo. Mkiacha anwani ya handaki la ngrok (zana inayoifanya kompyuta yako ifikike kwa muda kutoka mtandaoni) la kompyuta ya mmoja wenu, mteja atalipa, pesa zitaingia, na taarifa ya malipo itakwenda kwenye anwani iliyokufa. Oda itabaki haijalipwa na mteja atapiga simu akiwa na ujumbe wa M-Pesa mkononi. Ongezeni kwenye `kagua` sharti kwamba ikiwa ni laivu, callback ianze na https na jina lake liwe mojawapo ya `hosts`.

Na kuna tokeni, kibali cha muda ambacho programu huonyesha inapotuma maombi. Ile ya Daraja hudumu kama saa moja, kwa hiyo wengi huihifadhi kwenye Redis (hifadhi ya haraka ya data za muda). Mkibadilisha funguo na kuwasha programu upya, Redis haijui. Inaendelea kutoa tokeni ya zamani hadi muda wake uishe. Wekeni jina la mazingira na herufi chache za mwanzo za consumer key kwenye jina la kuhifadhia, kitu kama `daraja:laivu:aB3x`, na ufunguo mpya utapata tokeni mpya papo hapo.

Faili lenyewe, na herufi zinazolivunja

Kwenye repo wekeni `.env.mfano` yenye majina yote, thamani za majaribio zisizo siri, na nafasi tupu za siri. `.env` yenyewe iingie kwenye .gitignore. Kumbukeni .gitignore haina nguvu juu ya faili ambalo tayari linafuatiliwa. Kama liliwahi kukomitiwa, toeni kwa `git rm --cached .env`.

Tatizo la .env ni kwamba hakuna kanuni moja ya kuliandika. Kila kisomaji kina yake, na ndipo hutokea lile la "kwangu inafanya kazi". python-dotenv (kisomaji cha .env cha Python) hukubali neno `export` mwanzoni mwa mstari, systemd (inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux) hailikubali. python-dotenv huona ` # maelezo` mwishoni mwa mstari kuwa ni maelezo; systemd huona ni sehemu ya thamani, na `DUKA_DEBUG=false # zima` inakuwa maandishi marefu yasiyo kweli wala uongo. `docker run --env-file` huacha alama za nukuu ndani ya thamani, wakati Docker Compose huziondoa. Kwa hiyo andikeni kwa namna ambayo visomaji vyote vinaafikiana: jina, alama ya sawa, thamani, bila nafasi, bila nukuu, bila export, maelezo kwenye mstari wake.

Siri nazo zitengenezwe kwa herufi salama. Kitengeneza SECRET_KEY cha Django kinaweza kutoa alama za dola, reli (#) na mabano. Dola inatafsiriwa na Docker Compose, reli inakata thamani kwenye baadhi ya visomaji, mabano yanaivunja shell. Tumieni hii, inatoa herufi, tarakimu, kistari na mstari wa chini tu, zipatazo 67:

```
python -c "import secrets; print(secrets.token_urlsafe(50))"
```

Nywila ya hifadhidata ikiwa ndani ya DATABASE_URL, alama ya @ iandikwe %40, reli %23 na mkwaju (/) %2F, la sivyo sehemu ya nywila itasomwa kama jina la seva. Nywila ya token_urlsafe inaondoa shida hiyo yote. Na kama faili lilihaririwa kwenye Windows, chungulieni kwa `cat -A`: mkiona `^M$` mwishoni mwa mistari, kuna herufi isiyoonekana inayobebwa na kila thamani, na hifadhidata itakataa nywila ambayo kwa macho ni sahihi kabisa.

Kwenye seva

Seva isiwe na .env ndani ya folda ya mradi. pydantic-settings huvipa vigeu vya mazingira kipaumbele, lakini .env iliyosahaulika itajaza kimyakimya chochote kilichokosekana, nasi tunataka kukosekana kuonekane. Faili likae `/etc/duka/duka.env`, mmiliki wake awe root (mtumiaji mkuu wa seva), ruhusa 600 (mmiliki tu ndiye asome na kuandika). Mtumiaji anayeendesha programu hahitaji kulisoma. Systemd hulisoma kwa mamlaka ya root kabla ya kuwasha programu kwa jina la mtumiaji huyo.

```
[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/srv/duka
EnvironmentFile=/etc/duka/duka.env
ExecStart=/srv/duka/venv/bin/gunicorn duka.wsgi
```

Mtakuta mifano yenye kistari, `EnvironmentFile=-/etc/...`. Kistari kinamaanisha faili lisipokuwepo systemd iendelee tu. Msikiweke. Kama mna Celery (inayoendesha kazi za nyuma ya pazia), huduma yake ielekezwe kwenye faili hilohilo na iwashwe upya pamoja na gunicorn, seva inayoendesha programu yenu ya Django. Mfanyakazi wa Celery aliyebaki na funguo za zamani huleta kosa linalotokea mara moja moja na kuwachosha kulitafuta.

Mkibadilisha thamani, `systemctl restart`, siyo reload. Reload humpa gunicorn ishara ya kuwasha wafanyakazi wapya, lakini mchakato mama bado una vigeu alivyozaliwa navyo. Mkiwa na shaka programu imepokea nini hasa, ulizeni kernel (kiini cha Linux), siyo faili:

```
sudo cat /proc/PID/environ | tr '\0' '\n' | cut -d= -f1
```

`cut` pale mwisho ni ili majina tu yaonekane, siri zisibaki kwenye skrini mnayoweza kuwa mnaishirikisha wenzenu.

Hapa inakuja hofu ya haki: programu inayokataa kuwaka ikiwa na mipangilio mibovu, si itazima duka? Itazima, mkiwasha upya bila kukagua. Mchakato wa zamani hufa kwanza, mpya hugoma, na tovuti iko chini. Dawa ni kukagua kabla, kwa mazingira yaleyale ambayo huduma itayatumia:

```
sudo systemd-run --pty --wait --uid=duka \
  -p EnvironmentFile=/etc/duka/duka.env \
  -p WorkingDirectory=/srv/duka \
  /srv/duka/venv/bin/python manage.py check --deploy
```

Iwekeni amri hiyo kwenye skripti fupi, sema `/usr/local/bin/duka-manage`, ikipokea jina la kazi mwishoni. Itawafaa pia kwa migrate na shell, na itaondoa tabia ya kufanya `source` ya faili la siri kwenye terminali ya mtu. Kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) ziipitie hiyohiyo au zihamishiwe kwenye timer za systemd. Cron huwasha kazi na vigeu vichache mno, haijui chochote kuhusu duka.env, na ndiyo sababu ripoti za usiku huanguka siku moja baada ya watu kuhamia vigeu vya mazingira.

Majaribio ya kiotomatiki nayo yatagoma kuwaka bila vigeu. Yapeni thamani za uongo moja kwa moja kwenye faili la kazi la CI (mfumo unaoendesha majaribio hayo), zionekane na kila mtu. Majaribio yanayohitaji funguo halisi za Daraja yana kasoro.

YAML

Kwa mistari 15 bapa YAML haiwaletei faida. Inaanza kuwa na maana pale mipangilio inapokuwa na ngazi ndani ya ngazi, kwa mfano orodha ya matawi ya duka yenye ghala na maeneo yake, isiyo siri na inayokaa kwenye repo. Hata hapo ningechagua TOML, muundo mwingine wa faili za mipangilio, ambayo Python inaisoma yenyewe tangu 3.11 kwa tomllib. PyYAML (kisomaji cha YAML cha Python) hufuata YAML 1.1, na kanuni zake za kukisia aina ni hatari. Andikeni hivi:

```
fungua: 08:00
funga: 21:00
```

`08:00` itasomwa kama maandishi. `21:00` itasomwa kama namba 1260, kwa sababu huchukuliwa kuwa hesabu ya msingi wa sitini, 21 mara 60. Mistari miwili inayofanana kwa macho, aina mbili tofauti, na programu itaanguka itakapojaribu kuzilinganisha. Vivyo hivyo neno `no` bila nukuu hugeuka kuwa si kweli. Mkilazimika kutumia YAML, kila maandishi yawe ndani ya nukuu, na thamani zake zipitie Pydantic kama zile nyingine.

Vault

Siyo sasa. Vault inapowashwa huwa imefungwa, na kwa mpangilio wake wa kawaida ufunguo wake hugawanywa vipande 5 na vinahitajika 3 kuifungua. Mko watatu. Umeme ukikatika usiku na seva ikajiwasha upya, mpaka vipatikane vipande vitatu ndipo duka linafunguka. Kuna njia za kuifungua kiotomatiki kupitia huduma za wingu, lakini hizo nazo mara nyingi zinahitaji funguo zinazokaa mahali fulani, na mtakuwa mmerudi kwenye faili lenye ruhusa 600, safari hii na mfumo mzima wa kutunza juu yake.

Kinachowasumbua kwa sasa ni namna ya kupeana siri, na ninadhani mnapeana kwa WhatsApp. Wekeni duka.env kwenye kitunza nywila cha pamoja, au tumieni SOPS pamoja na age, zana za kusimba faili: husimba thamani na kuacha majina yakisomeka, hivyo faili linaweza kukaa kwenye repo, na mnaona kwenye historia ni kigeu kipi kilibadilishwa na nani bila kuona thamani. Kila mmoja ana ufunguo wake wa age. Mtu akiondoka, ondoeni ufunguo wake kwenye orodha, simbeni upya, kisha mbadilishe siri zenyewe, kwa kuwa zile za zamani tayari alishaziona. Vault ifikirieni tena mtakapokuwa na seva nyingi zenye huduma zinazohitaji nywila za muda mfupi za hifadhidata, na mtu ambaye kazi yake ni kuitunza.

Mkianza kesho asubuhi: funguo za Daraja na nywila ya hifadhidata kabla ya chai, mipangilio.py na `kagua` mchana kwenye seva ya majaribio, na msiguse laivu hadi mmejaribu kuweka `DUKA_DEBUG=true` pale kwenye majaribio mkijifanya ni laivu na mkaiona programu inagoma.